KAZI NI NINI? TUZIHESABU KAZI ZETU ZOTE

Mtu akija kijijini kwako akakuuliza, "Unafanya kazi gani?" utamjibuje?

Wako wengi wanaojibu hivi: "Mimi sina kazi. Ni mkulima tu." Na mama akiulizwa, mara nyingi hujibu: "Sifanyi kazi. Nipo nyumbani tu."

Neno "tu" ni dogo. Lakini hapa limebeba mzigo mkubwa. Mkulima huyo ameamka alfajiri. Amelima mpaka jua limekuwa kali. Chakula anachokula mwalimu, mganga, dereva na karani kimetoka mikononi mwake. Halafu anasema hana kazi! Na mama huyo ameteka maji, amepika, amefua, amelima na amembeba mtoto mgongoni. Naye anasema hafanyi kazi!

Basi leo tujiulize pamoja. Kazi ni nini? Kwa nini kazi nyingine tunaziona na nyingine hatuzioni? Na tufanye nini ili kazi imsaidie mtu badala ya kumchakaza?

MANENO HAYA YALITOKA WAPI?

Tabia ya kusema kwamba kazi ni ile ya mshahara peke yake ina historia yake.

Zamani babu zetu hawakutenga kazi na maisha. Kulima, kuchunga, kuvua samaki, kufua chuma, kusuka mikeka, kufinyanga vyungu na kulea watoto, yote yalikuwa mambo ya kuishi. Mgeni alipofika alikaribishwa. Lakini methali yetu inasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kisha zikaja kazi za namna nyingine. Kazi hizo zilikuwa za kulazimishwa.

Kwanza ulikuwako utumwa. Watu walikamatwa bara, wakapelekwa pwani kwa miguu. Wengi walipelekwa kulima mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mtumwa alifanya kazi nyingi sana, lakini karafuu hazikuwa zake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Huko Unguja na Pemba sheria ya kuondoa utumwa ilitolewa mwaka 1897. Huku Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku kabisa mwaka 1922.

Pili ilikuja kodi. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba. Mtu aliyekuwa na chakula cha kutosha, lakini hana fedha, alitafutiwa njia ya kuipata. Ilimbidi auze mazao au aende kufanya kazi kwa mtu mwingine.

Tatu ilikuja kazi ya amri. Kuanzia mwaka 1902, katika sehemu za pwani na kusini, watu waliamriwa kulima mashamba ya pamba ya serikali. Walifanya kazi hiyo chini ya majumbe na maakida. Malipo yalikuwa madogo sana, na mashamba yao wenyewe yalikosa watu wa kupalilia. Hiyo ilikuwa moja ya sababu za Vita vya Majimaji. Mwezi wa Julai mwaka 1905, watu wa milima ya Matumbi waling'oa pamba hiyo. Vita vilianza, vikaendelea mpaka mwaka 1907. Watu wengi sana walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa njaa.

Mwaka huohuo wa 1907, huko Usambara, Wajerumani walianzisha kadi ya kazi. Kila mwanamume mzima alitakiwa kufanya kazi kwa mlowezi siku 30 katika kila miezi 4.

Baadaye, wakati wa Waingereza, watu wengi walisafiri kutoka mikoa ya mbali kwenda kukata mkonge. Waliitwa manamba. Jina hilo lilitokana na namba walizopewa. Mtu aliondoka kwao akiwa na jina la baba yake. Akifika kwenye mkonge anakuwa namba.

Unaona, ndugu msomaji? Kwa miaka mingi neno "kazi" lilikuwa na maana ya kumtumikia mtu mwingine kwa kupata fedha. Shamba lako mwenyewe halikuitwa kazi. Jiko la mama halikuitwa kazi. Serikali ya kikoloni haikuhesabu mambo hayo. Nasi tukazoea kutoyahesabu.

KUNA KAZI ILIYOPENDWA

Lakini wazee wetu hawakuchukia kazi. Walichukia kunyang'anywa matunda ya kazi.

Tazama mfano wa Wapare. Katika milima yao walichimba mifereji ya kumwagilia. Walijenga pia mabwawa madogo yanayoitwa ndiva. Maji hukusanyika katika ndiva usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Ndiva ikijaa tope, watu huitwa waisafishe. Kazi hiyo ya pamoja huitwa msaragambo. Hakuna anayelipwa mshahara siku hiyo. Lakini kila mtu anajua atapata nini. Atapata maji.

Katika nchi ya Wasukuma, vijana walikuwa na vikundi vya kulima. Walilima kwa ngoma na nyimbo, wakiinua majembe kwa pamoja. Leo waliita shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye shamba aliwapa chakula. Wenzetu wa Kenya nao wana desturi kama hiyo. Wakamba huiita mwethya, na Wakikuyu huiita ngwatio.

Kazi hizo zilikuwa ngumu kama kazi ya pamba ya Mjerumani. Jembe ni lilelile na jua ni lilelile. Kwa nini basi huku watu waliimba, na kule waling'oa pamba?

Sababu ni tatu. Kwanza, mtu alijua kazi ni ya nini. Pili, alipata sehemu yake ya matunda. Tatu, aliheshimiwa. Alikuwa mtu mwenye jina, siyo namba.

Mambo hayo matatu tuyaweke kichwani. Tutayatumia kupima kazi zetu za leo. Ni rahisi kuyatumia kupima kazi za mkoloni. Lakini je, tunathubutu kuyatumia nyumbani kwetu?

UHURU NA KAZI

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wito ulikuwa "Uhuru na Kazi". Wito huo uliwaambia watu kwamba sasa kazi ni yetu na matunda ni yetu.

Mwaka 1967 lilitolewa Azimio la Arusha. Azimio hilo lilisema jambo la kufikirisha. Liliwasifu wanawake wa vijijini kwa bidii yao. Lilisema wao hufanya kazi nyingi kuliko watu wengine. Kisha likawakosoa wanaume wa vijijini. Lilisema wengi hupoteza nguvu na wakati wao katika ngoma, maongezi na pombe.

Miaka mingi imepita tangu wakati huo. Mambo mengi yamebadilika. Je, jambo hili limebadilika nyumbani kwako? Usijibu haraka. Tuhesabu kwanza.

HESABU YA SIKU MOJA

Tuchukue mfano wa baba na mama katika msimu wa kulima. Huu ni mfano tu. Nyumbani kwako hesabu inaweza kuwa tofauti.

Kazi za mama kwa siku moja:
Kulima shambani: saa 5
Kupika na kuosha vyombo: saa 3
Kuteka maji: saa 2
Kufagia, kufua na kuogesha watoto: saa 2
Kutafuta kuni: saa 1
Kutwanga, au kwenda mashineni: saa 1
Jumla: saa 14

Kazi za baba kwa siku moja:
Kulima shambani: saa 5
Kuangalia mifugo, au kupeleka mazao sokoni: saa 2
Kutengeneza zizi, paa au mipini: saa 1
Jumla: saa 8

Baba huyu si mvivu. Saa 8 ni kazi ya kutosha kwa mtu yeyote. Lakini mama amemzidi kwa saa 6. Kwa mwezi wa siku 30 amemzidi kwa saa 180.

Sasa linganisha na mtu wa mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kuwa saa za kawaida za mwajiriwa zisizidi 45 kwa wiki. Mwajiri akitaka zaidi, lazima alipe malipo ya ziada. Mama wa mfano wetu akifanya kazi siku 6, amefikisha saa 84. Na siku ya saba lazima apike vilevile.

Hebu tupime na uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20. Mama akiteka ndoo 4 kwa siku, amebeba kilo 80. Kwa siku 30 amebeba kilo 2,400. Hizo ni sawa na magunia 24 ya kilo 100. Kama wewe baba ungetakiwa kubeba magunia 24 kichwani kila mwezi, ungesema huna kazi?

MAHAKAMA ILISEMA NINI?

Labda utasema: "Kazi za nyumbani ni wajibu wa mke. Haziwezi kuhesabiwa kama kazi za kuleta mali."

Swali hilo liliwahi kufika mahakamani. Jibu lake ni vizuri kila msomaji alijue.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inasema kwamba wanandoa wakiachana, mahakama inaweza kugawa mali waliyoichuma kwa juhudi za pamoja. Mahakama inatazama mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Lakini majaji hawakukubaliana. Kupika, kufua na kulea watoto, je, ni kazi ya kuchuma mali? Wengine walisema ndiyo. Wengine walisema hapana.

Mwaka 1983 kesi moja ilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Jaji Mkuu wakati huo alikuwa Francis Nyalali. Mke alikuwa mama wa nyumbani. Mume alikuwa na kazi ya mshahara. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Mke akitunza nyumba, mume anapata nafasi ya kwenda kutafuta fedha. Kwa hiyo mali inayopatikana ina jasho la wote wawili.

Mama yule mwenyewe hakupata alichoomba. Mahakama iliona kuwa mumewe alikwisha kumpa fedha za shughuli ya familia, naye akazitumia vibaya. Lakini kanuni ilibaki. Tangu mwaka 1983 kazi ya nyumbani inahesabiwa kuwa ni kazi.

Na kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Maana anayelima ana haki ya kuuliza: shamba hili ni la nani?

Tukumbuke pamba ya Matumbi. Wazee waliikataa kazi ambayo matunda yake yalikwenda kwa mwingine. Basi mama akilima pamba, tumbaku au mahindi, halafu siku ya mauzo fedha zote zinaingia mfuko mmoja na yeye hajui ni kiasi gani, hali yake ina tofauti gani na ya wazee wale? Swali hili linauma. Lakini halina budi kuulizwa.

KAZI NA WATOTO

Mtoto afanye kazi? Ndiyo, afanye. Mtoto asiyejua kufagia, kupalilia au kuchunga hatajua kujitegemea. Samaki mkunje angali mbichi. Na kazi hizo ziwafae wote, wa kike na wa kiume. Mvulana akijua kupika hatapungukiwa na kitu. Siku mama akiugua, watu wa nyumba hiyo hawatalala na njaa.

Lakini kuna kazi inayomfundisha mtoto, na kuna kazi inayomharibu. Kumwagilia bustani baada ya shule kunamfundisha. Kumtoa shuleni aende kuponda mawe kunamharibu. Kumpeleka mjini akawe mtumishi wa nyumbani angali mdogo, bila kujua analala wapi, kunamharibu.

Sheria ile ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Akifika miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyoharibu afya yake wala masomo yake. Na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi ya hatari kama vile ya mgodini.

Mzazi, tumia kipimo hiki. Kazi hii itamwacha mtoto wangu akiwa na ujuzi zaidi, au akiwa na kilema?

MTU SI JEMBE

Jembe likichakaa linanunuliwa jingine. Mtu akichakaa hanunuliwi.

Kwa hiyo kupumzika si uvivu. Mwili unapata nguvu wakati wa usingizi. Mtu aliyechoka sana hujikata na panga, huanguka na mzigo, hukasirikia watoto. Mama mjamzito asiyepumzika anajihatarisha yeye na mtoto wake. Mwajiriwa ana siku 28 za likizo kwa mwaka, na mama aliyejifungua ana siku 84, kwa mujibu wa sheria. Mkulima hana wa kumpa likizo. Lazima wanaoishi naye wampe.

Tofauti ya mapumziko na uvivu ni hii. Mtu anayepumzika amekwisha fanya sehemu yake. Mvivu anapumzika kwa jasho la mwenzake. Baba akicheza bao tangu asubuhi, wakati mke yuko shambani na mtoto mgongoni, hapumziki. Anamtumikisha mtu.

Vilevile tusimdharau mtu asiyeweza kufanya kazi. Mzee amekwisha lima miaka yake. Mgonjwa anangoja nafuu. Nao wana kitu cha kutoa. Bibi anayewasimulia wajukuu hadithi analea. Babu anayejua miti ya dawa na mipaka ya mashamba ni kama maktaba ya kijiji. Thamani ya mtu haiishi nguvu za mikono zinapokwisha.

Na vijana? Wako waliomaliza shule ambao wanangoja kazi ya ofisini. Siku zinapita. Tusiwatukane. Shule iliwafundisha kutamani kalamu, lakini ofisi ni chache. Tuwape ardhi, tuwasikilize, tuwaache wajaribu mambo mapya. Kijana aliyepewa eka moja iliyo yake atailima kwa moyo kuliko eka kumi za baba ambazo hapati hata senti. Nanyi vijana, kumbukeni: Mchagua jembe si mkulima.

TUFANYE NINI?

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu yako. Fanya mambo haya matano.

1. Chukua daftari. Kwa siku 7, andika kila kazi iliyofanywa nyumbani kwako, nani ameifanya, na imechukua muda gani. Andika hata kazi ndogo kama kuwasha moto.

2. Siku ya nane, kaeni pamoja baba, mama na watoto. Someni hesabu hiyo kwa sauti. Msigombane. Tazameni tu.

3. Chagueni kazi mbili za kuhamisha. Kwa mfano, baba mwenye baiskeli achukue kazi ya maji. Ndoo mbili juu ya baiskeli au mkokoteni ni rahisi kuliko ndoo moja kichwani. Mvulana achukue kuosha vyombo.

4. Tafuteni chombo cha kupunguza kazi. Jiko la udongo lililofunikwa vizuri linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu. Bati juu ya nyumba na pipa chini yake hupunguza safari za kisimani wakati wa mvua. Kisima cha karibu kinaweza kuwapa akina mama wa kijiji kizima saa nyingi kwa siku. Peleka jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Kuchimba kisima ni msaragambo unaofaa.

5. Siku ya kuuza mazao, mume na mke waende wote, au wasome wote risiti. Waandike fedha iliyoingia na iliyotoka. Aliyelima ajue bei.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari, kalamu na moyo mweupe.

MANENO YA MWISHO

Ndugu msomaji, kazi inatulisha. Lakini si hilo tu. Kwa kazi mtu anajijua kuwa anaweza. Kwa kazi anakuwa na faida kwa jirani. Mtu akitazama mahindi yaliyosimama, au nyumba aliyoijenga, au mtoto mwenye afya, husema moyoni: hii ni kazi yangu. Furaha hiyo haiuzwi dukani.

Basi tusiwanyime wenzetu furaha hiyo kwa kuziita kazi zao "si kitu". Mtu mwingine akikuuliza unafanya kazi gani, usijibu "mkulima tu". Sema: "Mimi ni mkulima." Na mama, usiseme "nipo nyumbani tu". Sema kazi zako zote, moja baada ya nyingine. Mwulizaji atachoka kuzisikiliza kabla wewe hujamaliza kuzitaja.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Nyumbani kwenu nani huamka wa kwanza? Nani hulala wa mwisho? Kwa nini?
2. Kwa nini watu wa Matumbi waling'oa pamba mwaka 1905?
3. Mama akiteka ndoo 6 za lita 20 kwa siku, anabeba kilo ngapi kwa siku 30?
4. Mahakama ya Rufani ilisema nini mwaka 1983 juu ya kazi za nyumbani? Mnakubaliana nayo?
5. Ni kazi gani moja ambayo kijiji chenu kinaweza kuifanya kwa pamoja ili kupunguza mzigo wa akina mama?